Mbili na Moja Mlangoni

Pale sokoni walimwita Jaketi, na sababu haikuhitaji kuulizwa. Jua liwake mpaka lami ilainike, yeye alipita katikati ya watu na jaketi lake nene la buluu, zipu imefungwa hadi kidevuni, pua inachuruzika kama ya mtoto. Alikuwa msimamizi wa chumba cha baridi katika soko la nyama. Alipokea nusu za ng'ombe, akazitundika kwenye reli ya dari, akazitoa kila muuzaji alipoagiza. Miaka kumi na minane alifanya kazi hiyo. Vidole vyake viwili vilishakufa ganzi, naye alivionyesha kwa wageni kwa majivuno, kana kwamba alivipata vitani.

Hatua ishirini kutoka mlangoni kwake ilikuwepo mizani kubwa ya soko, na mwenye kuisimamia walimwita Mizani. Mtu mfupi, tumbo linamtangulia, mdomo haujui likizo. Nyama haikupita kwake bila kutiwa neno: hii ilikufa kwa uzee, hii ilikuwa inafanya mazoezi, hii mwenye duka ameinunua kwa kuionea huruma. Yeye na Jaketi walikuwa chanda na pete. Walioa mwaka mmoja, wakahamia mtaa mmoja, na mabinti zao walisukana nywele kizingitini mwa nyumba hii au ile, yoyote iliyokuwa na kivuli.

Sasa kuna jambo moja la watu hawa wawili ambalo lazima lielezwe mapema. Mlango wa chumba cha baridi ni mnene kama godoro. Ukifungwa, aliye ndani hamsikii anayemwita nje, na mitambo ya kupuliza ubaridi huko ndani huunguruma kutwa nzima. Miaka ya nyuma kitasa cha ndani kilivunjika Jaketi akiwa humo. Alikaa saa nzima na ushei akipiga ngumi, mpaka Mizani alipojiuliza mbona nyama haitoki. Alipotolewa alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana, na midomo imebadilika rangi.

Tangu siku ile waliwekeana sheria. Anayeutaka mlango anaugonga kwa kulabu ya nyama: mbili za haraka, kimya kidogo, halafu moja. Chuma kwa chuma, hata mitambo ikiunguruma utasikia. Na ukisikia, unaacha ulichoshika, unafungua. Hakuna subiri, hakuna nani wewe. Kuna wiki moja walinuniana kwa sababu ya mechi ya mpira, siku tano hawasemezani, lakini mbili na moja ikilia mlango ulifunguliwa, na mfunguaji akatazama pembeni. Wengine sokoni walisikia vyuma vikigongwa tu, kama wanavyosikia mapanga na mifupa. Maana yake waliijua wao wawili.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, saa nne asubuhi, jengo la soko, lisilo na madirisha, limefurika watu chini ya taa. Wale watu waliingia kwa lango la mbele na bunduki zao. Walikuwa akina nani na walitaka nini, magazeti yalijaza kurasa, yakawapa hata picha kubwa kuliko za marehemu. Hapa hawatapata hata mstari.

Jaketi alikuwa ametoka nje na nusu ya ng'ombe begani. Mlio wa kwanza alidhani ni makreti yameanguka. Wa pili aliona watu wanakuja mbio wakiwa hawapigi kelele, na ukimya ule wa watu wanaokimbia ndio uliomfanya aelewe. Aliitupa nyama chini. Akaushika mlango wazi akawa anawavuta: huyu mkono, yule aproni, mwingine ukosi. "Ingia, ingia, ingia." Hilo alilifanya kweli, na asinyang'anywe. Aliwaingiza kumi na wanne, miongoni mwao Mama Maini, muuza maini wa meza ya tatu, mtoto mgongoni. Halafu akavuta mlango, akapitisha kulabu yake kwenye mpini na kuinasa kwenye reli ya ukutani, ili wa nje asiweze kuuzungusha.

Dakika haikupita, umeme ukakatika. Taa ya ndani ikazimika, mitambo ikapunguza ngurumo, ikakoroma, ikanyamaza. Jaketi hakuwahi kukisikia chumba chake kikiwa kimya. Alisikia pumzi za watu kumi na wanne. Alisikia mtoto wa Mama Maini akinyonya.

Kisha mlango ukagongwa.

Haukugongwa kwa chuma, uligongwa kwa kiganja, taratibu, na mtu asiyetaka kusikika na wengine. Mbili za haraka. Kimya. Moja.

Mama Maini alinong'ona gizani, "Kuna mtu, kaka. Mfungulie."

Mkono wa Jaketi ulikuwa juu ya kulabu pale mlangoni. Kuichomoa ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mkono ulikataa, na mdomo ukapata maneno kabla yeye hajayafikiria. "Ni wao," alisema. "Wanatutega."

Sauti ilimtoka tulivu kabisa. Kilichomtisha baadaye, kuliko hata bunduki, ni ule utulivu.

Kikagonga tena kile kiganja. Mbili. Kimya. Moja. Mzee mmoja kwa nyuma akasema, "Usifungue, mwanangu," naye Jaketi akaishika kulabu kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo nyama ya ng'ombe haikuwahi kuzidai. Ndipo bunduki ilipolia, karibu mno, mara mbili, na kitu kizito kikateleza kwenye mlango kutoka juu hadi chini, polepole, upande wa pili wa kifua chake.

Suruali yake ilikuwa imelowa. Alivua jaketi akamfunika nalo mtoto wa Mama Maini, na watu wakaliona hilo baadaye kuwa ni wema. Ukweli ni kwamba mwili ulikuwa unawaka kwa haya, hakuweza kulivumilia.

Walitolewa baada ya saa mbili. Mlango ulikuwa na alama ya damu kuanzia usawa wa kiuno hadi sakafuni, na aliyeiacha alikuwa ameshabebwa. Muuzaji mmoja akamwambia, huku analia, kwamba Mizani yuko hai, mguu ndio umeharibika vibaya. Jaketi alikaa chini palepale, watu wakasema masikini, kumbe alijikaza tu kwa ajili yetu.

Watu kumi na wanne ni midomo kumi na minne. Kila mmoja aliisimulia nyumbani kwake, na kila aliyesimulia alitia chumvi kidogo. Wale watu waligonga kwa ujanja, walisema, mbili halafu moja, kama wageni wastaarabu, lakini Jaketi hakudanganyika. Sisi tulitaka kufungua, yeye akatuzuia. Mwandishi wa habari alimpiga picha amevaa jaketi, ameegemea ule mlango uliokwisha kuoshwa. Mkewe aliikata ile picha gazetini akaibandika ukutani, juu ya meza ya chakula. Basi Jaketi akawa anakula chini ya uso wake mwenyewe, siku zote, na tonge halipiti.

Kama angekuwa mtu mwongo kwa desturi, labda angeizoea. Alikuwa mtu wa kawaida, si malaika, si jambazi, mtu anayerudisha ndoo ya jirani, na kilemba hiki cha ukoka kilimwasha kichwani mchana na usiku.

Siku ya nne alikwenda hospitali. Alipiga moyo konde njia nzima, akiyapanga maneno: nilikusikia, nikaogopa, nisamehe. Alimkuta Mizani ameinuliwa kwenye mito, shuka limelala bapa pale ambapo goti la kushoto lingekuwa. Mkewe alikuwa pembeni anamenya chungwa. Na kwenye benchi, bahati iliyoje, alikuwa amekaa Mama Maini na mtoto wake.

"Shemeji, karibu," alisema mke wa Mizani. "Shujaa wetu huyo."

Mama Maini hakungoja kuombwa. Alianza kusimulia, mwanzo hadi mwisho, mtoto akirukaruka mapajani. Alipofika pa kugongwa mlango alitumia ukingo wa benchi. "Wakagonga hivi. Mbili. Wakanyamaza. Halafu moja. Mimi mjinga nikasema mfungulie! Kama si huyu kaka, leo mngekuwa mnaniita marehemu."

Mizani alimtazama Jaketi. Jaketi aliitazama chupa ya dripu, jinsi tone linavyojikusanya na kuanguka, akahesabu matone tisa.

"Hata mimi niligonga," Mizani alisema hatimaye. "Ila mimi ilikuwa mapema, kabla umeme haujazimwa. Kwa kiganja, maana kulabu sikuwa nayo. Na ile mitambo ikiunguruma, kiganja utakisikiaje?" Akamgeukia mkewe. "Hakusikia. Angesikia angefungua."

"Asingekuacha nje," mkewe alisema, akampa Jaketi nusu ya chungwa.

Na Jaketi akalipokea chungwa, akalila. Maneno yote aliyoyapanga njiani aliyameza pamoja na mbegu zake. Si hivyo tu: aliporudi nyumbani alianza kuuguza tumaini. Pengine Mizani aligonga mapema kweli, na hakusikia. Pengine aliyegonga gizani alikuwa mwingine, mmoja wa wale watu, aliyemwona Mizani anavyogonga akaiga. Kwani haiwezekani? Kwa wiki sita alilibembeleza wazo hilo, na kuna siku alilala usingizi mzuri kabisa kwa ajili yake. Mtu anayetaka kujisamehe hakosi hoja.

Wiki ya saba soko lilifunguliwa tena. Mwenyekiti wa soko aliandaa hafla fupi, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi, na vyeti viwili vyenye fremu. Kimoja cha Jaketi. Kingine cha Fundi Waya, fundi umeme wa soko, ambaye kila mtu alijua kwamba ndiye aliyezima umeme siku ile. Giza hilo ndilo lililowapa watu wa meza za nyuma nafasi ya kutambaa hadi mlango wa uani. Mizani hakuja. Alituma salamu kwamba magongo yanamkera kwapani.

Walipigiwa makofi. Jaketi alitabasamu kwa meno tu. Aliona kwamba Fundi Waya naye anatabasamu kwa meno.

Baada ya hotuba wawili hao walijikuta nyuma ya meza za matumbo, kila mmoja na cheti chake, wakikwepa watu. Fundi Waya alikigeuza cha kwake fremu ikatazama chini.

"Kaka, nikikwambia kitu utanicheka," alisema.

"Leo sina kicheko."

"Siku ile sikuwa hata sokoni. Nilikuwa kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Ndevu upande mmoja zimenyolewa, upande mmoja bado. Nilijificha chini ya kiti cha kinyozi mpaka jioni. Watu wakaja kunikumbatia, fundi umetuokoa, wewe ndiye ulizima. Nikasema nitakanusha kesho. Kesho ikaja mama analia mikononi mwangu. Utamwambia nini? Nikaacha."

Mwingine yeyote angeangua kicheko kwa zile ndevu. Jaketi alihisi baridi ikimpanda, yeye aliyeishi na baridi. "Sasa nani alizima?"

"Boksi la swichi kuu liko nyuma ya mizani. Ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari wa mizani. Kesho yake nilipokuja kurudisha umeme nilikuta ufunguo umo kwenye kufuli, na juu ya boksi kuna kulabu. Ya Mizani, ile yenye mpini wa utepe mwekundu. Aliiweka pale apate mikono miwili ya kuvuta swichi, ile swichi ni ngumu. Kisha nadhani alikimbia akaisahau."

"Ulimuuliza?"

"Nilimfuata hospitali. Akasema kaa na sifa zako, mimi sizihitaji. Ila akaniapisha nisimwambie mtu. Hasa wewe. Nikadhani ni unyenyekevu tu, si unajua watu wengine walivyo. Lakini leo kile cheti kimenichoma. Angalau mtu mmoja ajue."

Hakukuwa na haja ya hesabu kubwa. Aliyezima umeme hakuweza kugonga mlango kabla umeme haujazimwa. Mizani alivuta swichi kwanza, mitambo ikanyamaza, ndipo akakimbia gizani hatua zile ishirini bila kulabu yake, akagonga kwa kiganja mlango ambao alijua, kuliko mtu mwingine yeyote duniani, kwamba nyuma yake ni kimya. Alijua amesikika. Pale kitandani, mguu umekatwa, alimtazama mwenzake usoni akadanganya kwa ajili yake. Na mwenzake akala chungwa.

Jaketi hakurudi kazini mchana ule. Alikwenda moja kwa moja kwa Mizani, cheti kwapani, kwa sababu hakujua pa kukiacha. Binti wa Mizani alikuwa kizingitini na binti yake yeye, kitana kati yao. "Baba yumo ndani, baba mdogo," binti alisema, akasogeza magoti apate njia.

Mizani alikuwa chumbani kwake, amekaa ukingoni mwa kitanda, anajaribu kuvaa soksi moja. Alipoona cheti alicheka. "Wamekupa na kioo kabisa! Kitundike mbali na watoto wasije wakakivunja."

Jaketi alifunga mlango nyuma yake. "Fundi Waya ameniambia."

Kicheko kiliisha kidogokidogo. Mizani aliilaza soksi juu ya goti. "Yule mtu. Hawezi hata kukaza balbu ikakaa."

"Nilikusikia," Jaketi alisema. "Mara zote mbili. Nilijua ni wewe. Niliwaambia ni wao, na nilijua ni wewe. Niliogopa. Sina la kuongeza, niliogopa tu." Alikuwa akilia sasa, na pua yake inachuruzika kama kawaida yake. "Nisamehe. Nitawaambia wote. Kesho nitasimama palepale penye kipaza sauti nitawaambia."

Nje mabinti walikuwa wakicheka kwa jambo lao.

"Uwaambie ili iweje?" Mizani aliuliza. Hakupaza sauti. "Wale kumi na wanne wanalala vizuri. Mama Maini anasema mtoto wake atakapokua atamsimulia. Utamwambia aliponea kwa mguu wa nani? Na mke wangu, anayekupikia kila ukija, umwambie nini?"

"Lakini wewe ulijua. Siku zote hizi ulijua."

"Nilijua mara ya pili. Ya kwanza nilisema labda yuko nyuma kabisa, anakuja. Ya pili nilisikia mlango ukinyamaza. Unaelewa? Ulinyamaza kama mtu." Aliokota soksi, akaikunja, akaikunjua. "Ya tatu sikugonga."

"Kwa nini ulinidanganyia, basi? Ungewaambia tu pale pale. Ningestahili."

"Unadhani nilikudanganyia wewe?" Mizani alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane macho yake hayakuwa na utani hata chembe. "Mimi nimebaki na mguu mmoja na rafiki mmoja. Kuhusu mguu siwezi kujidanganya, kila nikiamka haupo. Nikasema basi kuhusu rafiki nijidanganye. Nilikuwa nimeshaanza kuamini. Usiku maumivu yakija nilijiambia mitambo ilikuwa inaunguruma, hakusikia, angesikia angefungua. Nalala. Wiki saba zote nimejijengea, na ninyi wawili mmekuja na vyeti vyenu mmebomoa, kwa sababu vinawachoma."

Jaketi alikihamishia cheti kwapa jingine.

"Nenda nyumbani," Mizani alisema. "Usimwambie mtu. Njoo ukitaka kuja, mke wangu atauliza usipokuja. Tutaongea mpira. Ila leo nenda, na ufunge mlango, nataka kuvaa hii soksi."

Alitoka. Aliuvuta mlango taratibu mpaka ukabana, akabaki amesimama kwenye korido nyembamba, cheti kwapani. Ulikuwa mlango wa mbao nyepesi. Alisikia springi za kitanda zikilia. Alisikia gongo likianguka sakafuni, na mtu akihema akijaribu kulifikia, akalikosa, akapumzika, akajaribu tena. Halafu akasikia sauti ndogo, ya mtu aliyeziba mdomo kwa mkono ili watoto kizingitini wasisikie.

Jaketi aliinua mkono agonge. Mbili, kimya, halafu moja. Kiganja kilifika karibu kabisa na ubao, kikasimama hapo. Hakuogopa kwamba hatasikika; aliogopa kusikika na asifunguliwe. Akaushusha mkono, akapita katikati ya mabinti, akaenda zake.